Aliyeacha unga wiki tatu yumo hatarini zaidi

Katika familia nyingi za pwani yetu, kuanzia Tanga na Dar es Salaam hadi Unguja, kijana akigundulika kuwa anatumia heroini hufungiwa chumbani. Mlango hutiwa kufuli, mama hupitisha uji dirishani, na jamaa hukusanyika kumsomea dua. Baada ya wiki mbili au tatu kijana hunawiri, huonekana tena msikitini, na watu humshukuru Mwenyezi Mungu kwamba amepona. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini siku hizo za furaha ndizo zinazohitaji uangalizi mkubwa zaidi.

Heroini hutengenezwa kutokana na mofini, ambayo hutoka katika utomvu wa afyuni. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliiingiza sokoni kama dawa ya kikohozi, kabla madhara yake hayajadhihirika. Ikifika kwenye ubongo huondoa maumivu na kuleta raha ya muda mfupi, lakini wakati huohuo hupunguza kasi ya kupumua. Hapo ndipo mauti yalipojificha: aliyezidisha kipimo husinzia, pumzi hupungua, kisha hukatika.

Mwili wa anayetumia kila siku huizoea, akahitaji kete nyingi apate kile alichokuwa akikipata kwa moja. Akiikosa hupatwa na arosto: maumivu ya mifupa, jasho, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi. Arosto hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida huanza kutulia ndani ya wiki moja hivi. Lakini kutulia kwa arosto siko kupona. Tamaa hubaki kwa miezi, hata miaka, ilhali uwezo wa mwili kustahimili kipimo kikubwa umekwisha kupungua. Akirudia kipimo chake cha zamani, kinaweza kumuua. Hatari hiyohiyo humkabili atokaye jela, na aliyejizuia Ramadhani nzima kisha akarejea maskani siku ya Idi.

Madhara hayaishii hapo. Kuchangia sindano hueneza virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B na C. Sindano chafu huleta majipu na maambukizi ya moyo. Mama mjamzito anayetumia huweza kujifungua mtoto mwenye arosto. Anayevuta asijidanganye kuwa amesalimika, kwani wapo wengi walioanza kwa kuvuta wakaishia kwenye sindano.

Wazazi wazijue dalili za aliyezidisha: haamki akitikiswa, mboni za macho zimekuwa ndogo mno, midomo na kucha zimepauka au kuwa za buluu, na anakoroma au anapumua kwa nadra. Akimbizwe hospitali bila kuchelewa, naye alazwe kwa ubavu. Asinyweshwe maziwa wala maji ya chumvi, kwa kuwa yanaweza kuingia mapafuni. Ipo dawa iitwayo naloksoni, ambayo huweza kurudisha pumzi ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mwelezeni daktari waziwazi alichotumia. Kuficha kwa ajili ya aibu kunaweza kuwa sababu ya kumzika.

Tiba ipo. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na baadaye huduma hiyo ikafika Mwananyamala, Temeke na Kidongo Chekundu, Unguja. Methadoni ni dawa ya kunywa, hutolewa kila siku mbele ya mhudumu, nayo huzuia arosto ili mtu aweze kufanya kazi na kulea wanawe. Zipo pia nyumba za upataji nafuu kwa wanaotaka kuacha kabisa.

Wapo wanaouliza: je, huku siko kubadilisha kilevi kwa kilevi? Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Wanazuoni wametufundisha kwamba sheria imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Heroini huyashambulia yote. Dawa inayopimwa na daktari, ikamwondoa mtu kwenye sindano na wizi, na kumrudisha katika sala akiwa na akili timamu, haiwezi kuwekwa mizani moja na kete ya kichochoroni. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, na amuulize daktari pia. Asimkatishe mgonjwa dawa kwa kauli ya barazani.

Basi dua isiachwe, na hospitali isiachwe. Kufuli haitibu. Kijana akirudi katika safu, wazee wa msikiti wasimnyooshee kidole wala wasiharakishe kutangaza kuwa amepona. Apewe mtu wa kumsindikiza kliniki, atafutiwe kazi ya kumshughulisha, na asiachwe peke yake siku za sikukuu. Akianguka tena, mlango wa nyumba ubaki wazi, kwa sababu aliye hai bado anaweza kutubu na kutibiwa.

Wabillahi tawfiq.