Hisa za Marekani na kodi inayowasubiri warithi

Siku hizi mtu wa Mwanza au Nakuru mwenye simu na akaunti ya benki ananunua hisa za Apple au Coca-Cola akiwa sebuleni kwake, hata kipande tu cha hisa moja. Wanaouza huduma hiyo wanajua sana kueleza namna ya kuweka pesa. Namna Marekani inavyokata kodi, na hasa yanayoifika familia mwenye hisa akifariki, wanaiacha kwenye maandishi madogo ya mkataba. Hilo la kufariki ndilo hasa lililonisukuma kuandika, ila tuanze na kodi ambayo kila mwenye hisa ataiona mapema.

Nayo ni kodi ya zuio kwenye gawio. Kampuni ya Marekani ikimlipa gawio mtu ambaye si raia wala mkazi wa nchi hiyo, dalali hukata asilimia 30 kabla pesa haijaingia kwenye akaunti. Mwaka 2025 Coca-Cola ililipa senti 51 kwa kila hisa kila robo mwaka. Mwenye hisa 100 alistahili dola 51 kila robo. Aliyeko Dodoma akapokea dola 35.70. Mwenye idadi hiyohiyo anayeishi Manchester alikatwa asilimia 15, akabaki na dola 43.35. Kilichowatofautisha ni mkataba wa kodi kati ya serikali mbili. Uingereza inao, na hapa Afrika unao Afrika Kusini, Misri, Morocco na Tunisia. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazina. Oman na Falme za Kiarabu pia hazina, kwa hiyo ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wanakatwa 30 kamili kama sisi.

Kwenye faida ya kuuza mambo ni mepesi zaidi. Ukinunua hisa kwa dola 100 ukaiuza kwa 160, Marekani kwa kawaida haidai chochote kwenye zile 60, maadamu wewe si mkazi wake. Wa kuwa macho ni mwanafunzi wetu aliyeko huko kwa viza ya masomo. Kwa miaka yake ya mwanzo sheria inaweza kuendelea kumhesabu kuwa si mkazi, lakini akikaa nchini humo siku 183 au zaidi ndani ya mwaka, faida yake ya hisa inaweza kutozwa asilimia 30. Dalali hamkatii, ni juu yake kuitangaza mwenyewe.

Haya yote yanasimama juu ya karatasi moja, fomu W-8BEN, ambayo wengi huijaza kwa kubonyeza-bonyeza ili wafike kwenye kununua. Fomu hii haipelekwi IRS, yaani idara ya kodi ya Marekani. Inabaki kwa dalali kama ushahidi kwamba wewe ni mgeni. Mahali inapowakwamisha watu wetu ni kwenye anwani ya makazi. Fomu inakataza sanduku la posta, na sisi barua zetu karibu zote zinapitia S.L.P. Andika namba ya nyumba, mtaa, kata na mji kama vinavyosomeka kwenye bili ya umeme au barua ya serikali ya mtaa. Tarehe ya kuzaliwa huanza na mwezi: aliyezaliwa tarehe 7 Machi ataandika 03-07, na akigeuza atakuwa amezaliwa Julai. Namba ya mlipakodi ni TIN ya TRA kwa Mtanzania au PIN ya KRA kwa Mkenya. Sehemu ya pili, ya kudai nafuu ya mkataba, Mkenya na Mtanzania anayeishi nyumbani aiache wazi, kwa sababu hana mkataba wa kudai na saini iliyo chini ni kiapo.

Fomu ina umri. Ukiisaini siku yoyote ya mwaka 2026, inakufa tarehe 31 Desemba 2029. Ikipitwa na wakati, dalali anaweza kulazimika kuzuia asilimia 24 ya pesa zote za mauzo, hata kama umeuza kwa hasara.

Sasa tufike kwenye mirathi.

Marekani inatoza kodi kwenye mali ya marehemu mgeni ikiwa mali hiyo ipo Marekani. Hisa ya kampuni iliyosajiliwa Marekani inahesabiwa kuwa ipo Marekani, awe dalali yuko London, Dubai au Nairobi, na awe marehemu hajawahi kukanyaga huko. Kwa raia wao, kuanzia mwaka 2026 kodi hii haigusi mali isiyozidi dola milioni 15. Kwa mgeni asiye na mkataba, kiwango kinachosamehewa ni dola 60,000. Kwa Kenya hizo ni shilingi milioni 7 na ushei kwa viwango vya karibuni, na kwa Tanzania ni kama milioni 150. Ni pesa ambayo mwalimu, daktari au mfanyabiashara aliyeweka akiba miaka 20 anaifikia, hasa soko likipanda.

Tuseme marehemu ameacha hisa za dola 100,000 na hakuna deni la kupunguza. Kodi yake ni dola 10,800. Akiacha 200,000, kodi inaruka hadi 41,800, kwa kuwa viwango hupanda kwa ngazi mpaka asilimia 40. Na kodi hii inahesabiwa kwenye thamani yote ya hisa siku ya kifo, si kwenye faida. Sheria inaruhusu kupunguza sehemu ya madeni na gharama za mazishi, ila kwa sharti kwamba warithi waitangazie IRS mali yote ya marehemu popote ilipo duniani, pamoja na shamba la Moshi na nyumba ya Kisauni.

Kinachoumiza zaidi ya kodi yenyewe ni utaratibu. Chukua mjane wa Tanga. Amepata barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, anaituma kwa dalali wa Marekani, anajibiwa kwamba akaunti imefungwa hadi IRS itoe cheti cha kuruhusu uhamisho. Ili apate cheti hicho, fomu 706-NA ijazwe na kodi ilipwe ndani ya miezi tisa tangu kifo. Lakini pesa ya kulipia imo ndani ya akaunti ileile iliyofungwa. Anatafuta mwanasheria wa huko, anayelipwa kwa saa na kwa dola, huku ada za shule zikisubiri. Kwa Waislamu, deni la marehemu hutangulia mgawanyo wa mafungu, na hapa deni lenyewe, yaani kodi hii, huchukua miezi mingi kujulikana ni kiasi gani.

Wengi hudhani akaunti ya pamoja ya mume na mke inamaliza tatizo. Haimalizi. IRS huhesabu mali yote ya akaunti hiyo kuwa ya aliyefariki, mpaka aliyebaki athibitishe kwa nyaraka kwamba naye alichangia. Na msamaha unaompa mjane au mgane mali bila kodi kwa kawaida ni wa aliye raia wa Marekani.

Njia ya halali ninayoiona inamfaa mwekezaji wa kawaida ni kununua soko lilelile kupitia mfuko uliosajiliwa nje ya Marekani. Kampuni ya uwekezaji ya Vanguard ina mfuko wa VOO unaofuata kampuni kubwa za Marekani za orodha ya S&P 500; umesajiliwa Marekani, na ukifa nao unaingia kwenye hesabu ya 60,000. Vanguard hiyohiyo ina VUAA, unaofuata kampuni zilezile, uliosajiliwa Ayalandi na kuuzwa kwenye Soko la Hisa la London. Huu haumo kwenye kodi ya mirathi ya Marekani. Tena Ayalandi ina mkataba, kwa hiyo gawio hukatwa asilimia 15 ndani ya mfuko badala ya 30, na Ayalandi haimkati zaidi mwekezaji asiye mkazi wake. Kwa mtu wa Afrika Mashariki anayeweka akiba ya muda mrefu, sioni sababu ya kuchagua VOO.

Aliyekwisha kununua hisa mojamoja ana nafasi nyingine: mgeni akimpa mwanawe hisa kama zawadi akiwa hai, Marekani haitozi kodi ya zawadi hiyo. Kufungua kampuni ya nje ya kushikia hisa kunawezekana, lakini gharama zake zinamfaa tajiri, si mwalimu.

Aliyerudi nyumbani baada ya miaka ya kazi Marekani amwarifu dalali na kubadilisha fomu. Ila mwenye kadi ya kijani hajatoka kwenye mikono ya IRS kwa kupanda ndege tu. Hadi aisalimishe rasmi, kwa kawaida anahesabiwa mkazi wa kodi.

Na nyumbani nako kuna sheria. Mkazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa kipato chake cha popote duniani, kwa hiyo tunza fomu 1042-S ambayo dalali huitoa kila mwaka ifikapo katikati ya Machi; ndiyo ushahidi wa kodi uliyokwisha kukatwa. Kabla ya kupeleka mtaji nje, iulize benki yako kuhusu kanuni za fedha za kigeni.

Kama hisa zako za Marekani zimekaribia dola 60,000, usingoje. Muone mshauri wa kodi anayeijua fomu 706-NA, na leo hii mwandikie mkeo, mumeo au mwanao jina la dalali na namba ya akaunti, uyaweke pamoja na wasia wako.