LAMU WALIKATAA MAKAA YA MAWE: NA SISI TUJIFUNZE

Ndugu wafanyakazi,

Sisi wa Bugeshi, chini ya milima ya volkano, tunajua thamani ya umeme. Kiwanda kisipokwenda, hakuna mshahara. Jirani yetu Gisenyi, kiwanda cha bia kilianza kutumia gesi ya Ziwa Kivu tangu mwaka 1963. Basi hatupingi mitambo. Tunachouliza ni hiki: kabla ya kujengwa, nani aliulizwa?

Swali hilo liliulizwa Lamu, pwani ya Kenya. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga huko kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, kwa dola bilioni 2 hivi. Mwaka 2016 ikapewa leseni ya mazingira. Wananchi waliahidiwa ajira. Lakini wavuvi wakahesabu upande wa pili: bahari ikichafuka, kazi waliyo nayo itakwisha.

Wananchi wakashtaki. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la taifa la kesi za mazingira lilifuta leseni, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kampuni ilikata rufaa. Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaitupa.

Wenye fedha walikuwa wamekwisha geuka. Novemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitangaza kwamba haitaugharimia mradi huo. General Electric ya Marekani, iliyotangaza mwaka 2018 kuchukua hisa asilimia 20, ilisema Septemba 2020 kwamba inaacha kabisa kujenga vituo vipya vya makaa. Hatusemi ni Lamu peke yake iliyoigeuza. Biashara ya makaa ilikuwa inafifia duniani.

Ila tazameni, ndugu: tangazo hilohilo lilisema huenda viwanda vikafungwa na ajira zikaguswa. Kampuni hugeuza njia kwa hesabu ya faida. Hesabu ya mfanyakazi haimo tusipoitia wenyewe.

Kwa hiyo mradi ukija kwetu, tusingoje mahakama. Tudai mkutano mapema, kwa lugha tunayoielewa. Ahadi za kazi ziandikwe katika mkataba: kazi ngapi, za muda gani, na malipo gani kampuni ikibadili nia. Na mkulima wa viazi na mvuvi wakae meza moja nasi. Wakitugawa, tumekwisha.

Umoja ni nguvu!