Mguu Uliokufa Ganzi: Uulinde!



Jiwe limeanguka, mfupa wa mguu umevunjika, waganga wameuunga kwa chuma. Sasa umeamka, unaushika mguu, ni kama si wako. Usiogope. Umechomwa sindano ya ganzi karibu na mishipa ya fahamu, kwenye paja au nyuma ya goti.

Mishipa hiyo ni kama nyaya: inapeleka habari ya maumivu mpaka kwenye ubongo. Dawa inakata njia hiyo kwa muda, mara nyingi saa 8 mpaka 24. Pengine mganga anaacha hapo mpira mwembamba, na dawa inaendelea kuingia siku mbili tatu. Faida ni kubwa: unahitaji mofini kidogo, na kichefuchefu kinapungua.

Lakini wewe mtu wa mgodi unajua: kengele ya hatari ikizimwa, lazima mtu akeshe. Maumivu ni kengele ya mwili. Kwa hiyo:

1. Kabla ya kupasuliwa, mwambie mganga kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au kama kuna dawa inayokudhuru.

2. Usisimame peke yako. Goti lisilo na nguvu litakuangusha.

3. Usiweke chupa ya maji ya moto juu ya mguu. Utaungua bila kujua.

4. Meza vidonge vya maumivu kwa saa uliyoambiwa, kabla ganzi haijaisha. Usingoje maumivu yakuamshe usiku.

5. Maumivu yakizidi ingawa ganzi ipo, mguu ukivimba na kukaza, vidole vikipauka au kuwa baridi, ita mwuguzi palepale. Uvimbe ulio ndani unaweza kubana mishipa ya damu. Nyama ikikosa damu saa chache tu inakufa, na mguu unaweza kukatwa.

Mguu ukiwa umepondwa sana, mganga anaweza kukataa kukupa ganzi hii, ili kengele iendelee kulia. Usimlaumu.

Wengine wananyamaza, wakisema mwanaume halii. Kitandani, ushujaa wa namna hiyo ni kosa. Bibi yako anayekuuguza naye ajue dalili hizi, aangalie vidole vyako usiku na mchana.

Katika shimo unamwonya mwenzako kabla jiwe halijaanguka. Hospitalini pia, sema mapema!