MAJI YALIYOJIFICHA

Mhariri aliponitaka niandike juu ya maisha ya jangwani alisema, "Wewe si mtu wa Makueni? Jangwa unalijua." Nilicheka kidogo, halafu nikakasirika kidogo. Makueni si jangwa, jamani! Jangwa, kama tulivyofunzwa katika somo la jiografia, ni mahali panapopata mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka. Sehemu nyingi za Makueni na Kitui hupata zaidi ya hiyo. Kwetu ni nusu jangwa, na taabu yetu si uchache wa mvua tu, bali pia haraka yake. Mvua ya Novemba na Desemba humwagika kwa siku chache kama ndoo iliyopinduka, mto unafurika na kunguruma, na baada ya siku mbili tatu maji yamekwenda zake. Ile ya Machi hadi Mei ni ya kubahatisha. Basi anayetaka kuishi huku, awe mti au awe mtu, sharti ajue kuyaficha maji kabla hayajatoroka.

Hebu tuanze na mbuyu, mzee wa miti. Kwa nyanya yangu, Kitui ya kusini, upo mmoja ambao sisi wajukuu sita tukishikana mikono hatuwezi kuuzunguka. Shina lake ni laini ndani kama sifongo, nalo hunywa maji wakati wa mvua na kuyaweka. Kiangazi kikija, mbuyu hupukutisha majani yote, maana jani ndilo mlango wa maji kutokea. Mgeni akiuona atasema umekufa. Kumbe chini ya gome mna utando wa kijani unaoendelea kutengeneza chakula polepole, hata bila jani moja. Mgunga nao una akili nyingine: majani madogo mno yasiyopoteza maji mengi, na mizizi inayokwenda chini sana. Upo pia mukau, kama tuuitavyo kwa Kikamba, ambao mbao zake mchwa huzishindwa. Watafiti wa misitu mjini Kitui wamekuwa wakiuzalisha kwa sababu hukua upesi hata penye ukame.

Shambani mambo ni yale yale. Mvua ya Novemba ikianza, mama hupanda mahindi na mbaazi pamoja. Mahindi ya Katumani, yaliyotokana na kituo cha utafiti cha jina hilo kule Machakos, hukomaa kwa muda wa miezi mitatu hivi. Hayo hayapigani na kiangazi, huyakimbia tu! Mbaazi hazikimbii. Mizizi yake hufuata unyevu chini kabisa, nazo huvunwa karibu Agosti, wakati kila kitu kingine kimekauka. Nyanya husema mahindi ni mgeni, mbaazi ni mwenye nyumba.

Na watu je? Watu wamejifunza kuufanya udongo uwe mbuyu. Mkulima huchimba mtaro kukata mteremko, na udongo huutupa upande wa juu ukawa tuta. Maji yakiteremka hukuta ukuta, husimama, huzama. Njia hiyo huitwa fanya juu, na wanachama wenzangu mtafurahi kujua kwamba hata vitabu vya Kiingereza vya kilimo huiita "fanya juu" vivyo hivyo. Lugha yetu imesafiri kwa jembe! Kazi yenyewe si mchezo. Ndiyo maana hufanywa na mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaolima leo kwako, kesho kwangu.

Lakini lililonishangaza zaidi ni bwawa la mchanga. Mwethya wa kina nyanya walijenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto mkavu, juu ya mwamba. Mafuriko yalipokuja yakaleta mchanga, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta hadi juu. Nilipofika mara ya kwanza niliuliza, "Nyanya, na bwawa liko wapi?" Akacheka, akachimba kwa kibuyu kilichokatwa. Kabla mkono haujazama hadi begani, maji! Katika mchanga kama huo, robo hadi theluthi ya nafasi yote yaweza kuwa maji. Jua haliyafikii, mbu hawapati pa kutaga, na mchanga wenyewe huyachuja. Mabwawa ya namna hii sasa yako mamia katika Kitui.

Kwetu Makueni mto wetu nao ulikuwa na mchanga mzito, bila ukuta wowote. Kisha malori yakaja. Mchanga wetu ukaenda kujenga maghorofa mjini, na kila msimu shimo la kutekea maji likazidi kwenda chini. Nilipokuwa mdogo, mama aliinama tu akateka. Nilipofika darasa la saba, aliingia shimoni hata kichwa kikapotea, nami nikipokea mtungi juu huku naogopa kingo zisije zikamwangukia. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga, na malori yakapungua mchana. Usiku bado tunayasikia.

Sasa nitasema jambo ambalo limenisumbua nikiandika haya. Rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja analipiwa karo kwa mchanga. Baba yake hupakia malori kwa koleo, na hana ng'ombe wala shamba la kutosha. Nilimsomea makala haya kabla ya kuyatoa. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza ukuta kama ule wa kina nyanya huchukua mifuko mingapi ya saruji. Sikujua. Likizo ya Agosti tutakwenda wote wawili Kitui, tukamwulize.