Karatasi ya Vipimo na Macho ya Mama



Siku moja baada ya Misa ya asubuhi, mama wa jumuiya mojawapo ya parokia alinisubiri mlangoni pa sakristia. Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi ya vipimo vya damu. Alikuwa amekonda, mikono ikimtetemeka, na macho yametokeza mbele. "Baba Paroko, nisomee. Nyumbani wanasema siumwi, nimegeuka."

Wewe unayeishi Shinyanga au Geita unalielewa neno hilo. Unajua vikongwe waliouawa huku kwetu kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Mama yule hakuja kwangu kwa udadisi. Alikuwa anaogopa.

Nikaisoma karatasi. Mbele ya herufi TSH palikuwa na namba ndogo sana na alama kwamba iko chini. Nikamwambia, "Imeshuka tu, ule vizuri na usali." Nilikosea. Kipalapala walitufundisha teolojia. Vipimo vya tezi havikuwamo.

Jioni ile muuguzi mmoja muumini wetu alinisahihisha. Tezi ya shingo hutoa homoni zinazouendesha mwili. TSH haitoki kwenye tezi hiyo. Hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo ni kama amri. Fikiria msimamizi wa duara machimboni: wachimbaji wakizembea, anapaza sauti, wakichimba kupita kiasi, ananyamaza. TSH ikiwa juu, kwa kawaida tezi imelegea, na mtu huchoka, husikia baridi, huvimba uso. Ikiwa chini, mara nyingi tezi inakwenda mbio: moyo unadunda, jasho linatoka, unakula na bado unakonda, na kwa wengine macho hutokeza. Ndiyo maana daktari hupima pia homoni zenyewe, T4 na T3. Mimi nilimsikia msimamizi amenyamaza, nikadhani machimbo yametulia.

Muuguzi akaniuliza pia kama mama anakunywa vidonge vyovyote. Ndiyo, alikuwa amenunua stendi vidonge vya nywele na kucha. Vingi vya aina hiyo vina vitamini iitwayo bayotini, ambayo inaweza kupotosha majibu ya tezi katika baadhi ya mashine. Mweleze daktari kila unachomeza, hata kile ulichopewa na shemeji. Vipimo vilirudiwa baada ya kuviacha vidonge kwa siku kadhaa. Tezi ilikuwa inakwenda mbio kweli.

Na vitamini nyingine zina mambo yake. Tunafuga ng'ombe, lakini kuna nyumba ambako maziwa yote huuzwa na nyama huonekana Pasaka na Noeli. Humo vitamini B12 inaweza kupungua, na miguu ikafa ganzi. Ukimeza foliki asidi peke yake, damu inaweza kuonekana nzuri huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia. Usijitibu kwa kusoma namba moja.

Katika Injili ya Marko sura ya 5 yumo mama aliyetokwa damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga. Yesu hakumkemea kwa kuwaendea. Naye Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuagiza tusali tukiwa wagonjwa, na papo hapo tumpe tabibu nafasi yake. Mimi nilikuwa nimemwachia mama yule nusu tu ya agizo hilo.

Alipelekwa Bugando, Mwanza, akaanzishiwa dawa. Nilikwenda nyumbani kwake na muuguzi, tukakaa na mama mkwe, nikachora duara chini kwa kijiti. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Macho yatarudi?" Muuguzi akamjibu kwamba huenda ikachukua muda mrefu, na huenda yasirudi yote. Bibi akanyamaza. Baadaye akamwita mkwewe aje tule.