Mauzo Si Faida: Ushuru wa Duka la Mtaani

Ndugu msomaji, ukiwauliza wenzako bwenini karo yao hutoka wapi, wengi watakutajia duka, kibanda cha mboga, kinyozi, cherehani au bodaboda. Wenye wazazi wa mshahara wao hawana taabu sana, kwani ushuru hukatwa na mwajiri hata kabla mzazi hajaiona pesa yenyewe. Mwenye duka hakatwi na mtu. Hujihesabia mwenyewe, na hapo ndipo mambo huharibika, manake wengi hawajui ni kitu gani hasa wanachohesabiwa. Kwa sababu hiyo nitaeleza ushuru mmoja tu, ule wa mauzo, ambao kwenye mtandao wa iTax utauona kwa herufi TOT.

Hebu tuanze na maneno mawili yanayochanganywa kila siku: mauzo na faida. Mauzo ni pesa zote zilizoingia kutoka kwa wateja. Faida ni kile kinachobaki ukishaondoa bei uliyonunulia bidhaa, kodi ya chumba, stima, mshahara wa kijana wa duka na nauli ya kuleta mzigo. Ushuru wa mauzo, kama jina lake lilivyo, hutozwa pesa zote zilizoingia. Haukuulizi kama ulipata faida au hasara.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipandisha kiwango cha ushuru huu kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3, kuanzia Julai mwaka huo. Humhusu mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka yanazidi shilingi 1,000,000 lakini hayapiti 25,000,000. Ukisikia milioni utacheka useme, "Aka, duka letu halijafika huko!" Ngoja kwanza. Milioni moja kwa mwaka ni kama shilingi 2,740 kwa siku. Duka la unga na sukari lililo karibu na stendi huweza kufikia hapo kabla ya saa sita mchana. Ushuru wenyewe hulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Aliye chini ya milioni hadaiwi ushuru huu, ila ritani ya kawaida ya mwaka lazima aijaze.

Sasa tuchukue wafanyabiashara wawili wa kubuni, kila mmoja akiuza shilingi 120,000 kwa mwezi. Wote wawili watalipa asilimia 3, yaani shilingi 3,600 kwa mwezi, au 43,200 kwa mwaka. Ni sawa kwa sawa, sivyo? La, si sawa hata kidogo.

Wa kwanza ana duka la unga, sukari na mafuta ya kupikia. Bidhaa hizi zina faida nyembamba. Tuseme akishatoa gharama zote hubaki na 7,200 kwa mwezi. Ushuru wa 3,600 umemla nusu nzima ya jasho lake! Wa pili ni kinyozi. Yeye hanunui mzigo wa kuuza. Gharama zake ni chumba, stima na wasaidizi, na hubaki na 60,000. Kwake 3,600 si kitu.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba sheria haimlazimishi mtu kubaki kwenye ushuru wa mauzo. Anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA arifa kwamba amechagua kutozwa kwa faida yake, kama ilivyo kwa ushuru wa mapato wa kawaida. Kwa viwango vya mwaka 2025, shilingi 288,000 za kwanza za mapato ya mwaka hutozwa asilimia 10, shilingi 100,000 zinazofuata asilimia 25, na zaidi ya hapo asilimia 30 (matajiri wana viwango vyao huko juu, tuwaache). Kisha kila mtu hupunguziwa shilingi 28,800 kwa mwaka. Mwenye duka wetu ana faida ya 86,400 kwa mwaka. Asilimia 10 yake ni 8,640. Toa ule msamaha, hadaiwi hata ndururu. Kinyozi naye akijaribu njia hiyo atalipa 124,600 badala ya 43,200. Walimu wa Hisabati wanaweza kukagua. Kwa hiyo kinyozi atulie alipo, na mwenye duka apige hesabu upya.

Lakini, na hii ni lakini kubwa, njia ya faida inadai ushahidi. Kuanzia Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi, isipokuwa chache kama mishahara. Mwenye duka akinunua mzigo kwa muuzaji wa jumla asiyetoa ankara hiyo, mzigo huo utahesabiwa kana kwamba ulishuka bure kutoka mbinguni. Aidai ankara papo hapo, akitaja nambari yake ya PIN, kisha azihifadhi rekodi kwa miaka 5 kama sheria inavyotaka.

Kitabu cha duka hakihitaji msomi. Kila jioni yaandikwe mauzo, manunuzi, gharama, na fungu la nne ambalo wengi hulisahau: alichochukua mwenye duka mwenyewe. Mkate uliopelekwa nyumbani si gharama ya biashara. Karo yetu pia, jamani, si gharama ya biashara. Na nambari ya kupokelea pesa za wateja kwa M-Pesa iwe mbali na ile ya kutumiwa na shangazi pesa za matanga, la sivyo mwisho wa mwezi hakuna atakayejua ipi ni ipi.

Neno kwa ndugu zetu wa kidato cha nne. Mtakapoomba mkopo wa HELB mtatakiwa kuwa na PIN ya KRA. Ukishaipata, ritani inakuhusu hata kama huna kazi wala senti. Utajaza ile ya kuonyesha hukupata chochote, kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Kujaza ni bure, na huchukua dakika chache kwenye iTax. Wa saiba atakuomba ada ya huduma tu. Ukichelewa, adhabu huanzia shilingi 2,000.