Kwa Nini Serikali Iliachia Wadudu Ziwani?

Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Viktoria tunalijua gugu maji. Ua lake ni zuri, la rangi ya zambarau. Lakini lilipojaa ziwani katika miaka ya 1990, mitumbwi ilikwama mwaloni. Meli zilipata taabu kuingia bandarini. Mama aliyekwenda kuchota maji ilimbidi kwanza asukume majani, huku akiogopa nyoka.

Mwaka 1997 serikali yetu iliachia wadudu wageni ziwani. Hawakuponyoka kwa bahati mbaya. Walifugwa Kibaha, wakasafirishwa, wakaachiwa kwa makusudi. Uganda na Kenya nao walifanya hivyo hivyo.

Hapo mtu ana haki ya kuuliza. Mbona mimi nikileta chipukizi la mgomba kutoka kwa shemeji ng'ambo ya mpaka, naambiwa ni kosa? Mbona nikitaka kumwaga vifaranga vya samaki katika lambo la kijiji, naambiwa nipate kibali kwanza? Wao wana nini hata waachie wadudu ziwa zima?

Haya, tulitazame jambo hili polepole.

KATAZO LENYEWE

Katika nchi yetu ziko sheria zaidi ya moja juu ya viumbe wageni. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 inasema usiingize nchini mmea, mbegu, udongo wala mdudu bila kibali. Wanaoisimamia ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao makuu Arusha. Mambo ya samaki yamo katika Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Huko nako, kuchukua samaki hai wa maji haya na kuwatia katika maji mengine kunahitaji ruhusa ya wakuu wa uvuvi.

Kwa nini ukali huu? Muulize mkulima yeyote juu ya dumuzi, yule ambaye wengine humwita Skania. Kwao ni Amerika ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alionekana Tabora, na hakuna aliyemwalika. Alikuja ndani ya shehena. Leo yumo katika maghala ya nchi nzima, anageuza mahindi kuwa unga kabla hayajafika kinuni.

Gugu maji nalo ni mgeni. Kwao ni Amerika ya Kusini. Watu walilipenda kwa ua lake, wakalipanda katika mabwawa ya bustani. Likatoka huko likaingia mitoni, na Mto Kagera ukalileta ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Likipata maji yenye rutuba, huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Mbegu zake hukaa matopeni miaka mingi zikingoja.

Na lile chipukizi la mgomba? Mgomba wenyewe umekwisha kuwa wetu, hilo ni kweli. Lakini chipukizi huweza kubeba ugonjwa. Mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukawa umeingia Kagera. Watu waling'oa na kuzika migomba waliyoachiwa na babu zao. Ugonjwa huo hupita kwa wadudu na kwa panga lisilosafishwa, lakini pia kwa zawadi ya chipukizi kutoka kwa jamaa.

Lakini tusikosee. Si kila kilichotoka nje kimekatazwa. Mahindi ni mgeni, mihogo ni mgeni, karanga vilevile, na hakuna bwana shamba atakayekukamata kwa kupanda mahindi. Mazao hayo yamekwisha kuwa yetu. Kuku na mbuzi hali kadhalika. Sheria inaangalia kile kinachoingizwa sasa, na kile kinachoweza kutoka shambani kikaenda kujitawala porini au majini.

MLANGO MDOGO

Sasa tuje kwenye ruhusa. Sheria hiyo hiyo inayokataza imeacha mlango mdogo. Mgeni anaweza kuingizwa, hata kuachiwa, ikiwa amechunguzwa na kibali kimetolewa. Wale wadudu wa gugu maji walipita katika mlango wa namna hiyo.

Wadudu hao ni jamii ya fukusi, wakubwa kidogo kuliko fukusi wa mahindi. Wako wa aina mbili, na kwao ni kule kule lilikotoka gugu maji. Kule kwao gugu hilo haliwashindi watu kama huku, maana lina adui zake. Huku lilikuja peke yake, likawaacha adui nyumbani. Basi wataalamu wakasema: tuwalete na adui.

Rahisi kusema! Lakini fikiria hatari yake. Ukileta mdudu anayekula majani, halafu gugu likaisha, atakula nini? Kama atahamia kwenye mpunga au migomba, tumeondoa taabu moja na kuleta kubwa zaidi. Tena mdudu si ng'ombe. Akishaachiwa, hakuna wa kumfuata na kamba.

Ndiyo maana kabla ya kuachiwa popote walifungiwa kwanza, mahali ambapo hawawezi kutoka. Humo mdudu huwekewa mimea mbalimbali: mazao ya watu, na mimea iliyo ndugu wa gugu lile. Wakati mwingine hupewa mmea mmoja tu ambao si chakula chake, aule au afe njaa. Mafukusi hawa walipowekewa mimea mingine walidonoa kidogo hapa na pale, lakini hawakuweza kuzaa na kulea watoto juu yake. Mtoto wao hukua ndani ya shina la gugu maji, kisha hushuka kwenye mizizi iliyo ndani ya maji na kujifunga humo mpaka awe mkubwa. Pasipo gugu maji, ukoo wao unakwisha.

Tena hatukuwa wa kwanza kuwajaribu. Marekani walianza kuwaachia mwaka 1972, na Sudan mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970. Sisi tulipowaachia Ziwa Viktoria, nchi nyingine zilikuwa zimewaangalia kwa miaka 25 hivi. Hata hivyo waliletwa, wakafungiwa, wakafugwa na kukaguliwa kwanza. Mdudu safi anaweza kubeba ugonjwa au vimelea vyake mwenyewe, na hivyo navyo ni wageni.

Matokeo yake? Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya gugu katika ziwa ilikuwa imepungua. Hatusemi ni mafukusi peke yao. Mvua kubwa za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilitikisa ziwa na kuvunja visiwa vya majani. Lakini jani lililotobolewa na watoto wa fukusi hujaa maji, likalegea, likazama, na mawimbi hulivunja upesi. Gugu halikwisha. Hurudi, hasa Ghuba ya Winam upande wa Kisumu, maana uchafu wenye rutuba unaendelea kumiminika ziwani na mbegu zimo matopeni. Fukusi hawezi kuzuia uchafu wa watu.

Mihogo nayo iliokolewa kwa njia hiyo hiyo. Kidudu cheupe kama unga, kinachofyonza ncha za mihogo, kilionekana Zaire mwaka 1973 kikaenea Afrika kwa haraka ya ajabu. Mwaka 1981 wataalamu walimpata adui yake huko Paraguai: nyigu mdogo sana, hafiki hata ukubwa wa chawa. Alipelekwa Uingereza kwanza akachunguzwe, ndipo akaletwa Nijeria, na baadaye Tanzania. Mswisi aliyeongoza kazi ile, Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Wengi waliokula ugali wa muhogo katika miaka ile hawakujua habari za nyigu huyo.

RUHUSA ISIYO NA UCHUNGUZI

Je, kila kilichoruhusiwa na wakubwa kilikuwa salama? La, hata kidogo.

Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, anayekwapua vifaranga vya kuku mjini na sasa hata vijijini, aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890. Waliomleta ni watawala Waingereza. Walitaka ale takataka. Takataka zipo mpaka leo, na kunguru wapo pia.

Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 upande wa Uganda, mwanzoni kimya kimya, huku wataalamu wakiwa bado wanabishana. Katika miaka ya 1980 alijaa ziwa zima. Aina nyingi za furu, kitoweo cha mnyonge, zilitoweka kabisa. Ni kweli sangara ameleta viwanda na fedha, na hatutaki kumkana mvuvi riziki yake. Lakini wenye kula furu hawakuulizwa.

Kisa cha tatu ni cha Kenya, huko Baringo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mti uitwao mathenge ulipandwa huko kwa mradi wa serikali na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Kusudi lilikuwa jema: kuni, kivuli na kuzuia jangwa. Mti ukatawala malisho. Maganda yake yana sukari, na mbuzi waliokula walioza meno. Mwaka 2006 wananchi wa huko waliishtaki serikali mahakamani Nairobi, wakaenda na mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Mwaka 2008 mathenge ulitangazwa rasmi kuwa gugu baya.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo swali la mwanzo linapata jibu lake. Wataalamu hawakuruhusiwa kuachia fukusi kwa sababu ni wakubwa. Kunguru na mathenge vililetwa na wakubwa pia. Fukusi aliruhusiwa kwa sababu alifungiwa, akajaribiwa kwa njaa, na majibu yakaonekana. Kwa hiyo siku wakija kijijini na mti mpya au samaki mpya, nawe unaweza kuuliza: amechunguzwa wapi? Anakula nini? Akitoka bwawani atakwenda wapi? Ni haki yako kuuliza hivyo mkutanoni.

WEWE UFANYEJE?

Ukitaka kufuga samaki, mwone Afisa Uvuvi wa wilaya kabla hujanunua vifaranga. Mwambie unataka samaki wa aina gani na wanatoka wapi. Bwawa lisiwe mahali ambapo mafuriko ya masika hulikumba, maana maji yakipita juu ya kingo, samaki wako wamo mtoni, na hapo hakuna nyavu ya kuwarudisha. Ukitaka mbegu au miche ya nje ya nchi, mwone bwana au bibi shamba. Yeye atakuelekeza kwenye kibali. Ukitoka safari na chipukizi au mbegu mfukoni, mwonyeshe mkaguzi wa mimea mpakani. Usilifiche chini ya kanga.

Na mkienda kung'oa gugu maji mwaloni, angalieni majani kwanza. Yakiwa na madoa madogo ya mviringo kana kwamba yameparuzwa, mafukusi wapo. Ng'oeni njia ya mitumbwi na mahali pa kuchotea maji, lakini acheni fungu moja kando likae majini. Mafukusi walio katika gugu lililoanikwa nchi kavu hufa pamoja nalo.